Mabango ya baba, macho kumi na mawili niliyoyanyoosha, na kibao kilichoandikwa "msanii hajulikani"

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuandika huwa naogopa. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenitokea mwenyewe hapa Kigali, na chini ya kucha zangu bado kuna rangi nyeupe ambayo sitaki kuitoa. Sitapamba kitu. Tabia yangu ya kupamba vitu ndiyo iliyonifikisha huku, mtaona.

Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Toleo fupi nililiandika nikalifuta kwa sababu aya ya pili haikunipendeza.

Kwanza mnijue.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na kitu. Natengeneza design kwa kompyuta: logo, kadi za harusi, menyu za migahawa. Sijasoma chuo chochote. Nimejifundisha kwa video za mtandaoni na laptop ya mkono wa pili ambayo herufi R ilikuwa haibonyezeki.

Na nina ugonjwa mmoja: siwezi kuacha kitu kikiwa kimepinda.

Client ameshachukua kadi zake, ameridhika, harusi imepita, mimi bado nafungua lile faili. Nasogeza herufi kidogo kushoto. Kidogo kulia. Nairudisha ilipokuwa. Utadhani kuna mtu atakuja kukagua.

Hakuna anayekuja. Najua. Lakini najua tu kwa kichwa.

Sasa, baba yangu.

Baba alikuwa mchoraji wa mabango ya biashara, wa mkono na brashi. Kibanda chake kilikuwa Kimisagara, katikati ya fundi wa kuchomelea na muuza mbao, na watu walimwita Hamisi Rangi. Ukienda na bati lako na ubao wako, yeye alikuwa hakuulizi kwanza unataka maandishi gani. Alikupa kigoda ukae.

Kwa sababu baba alikuwa hachori sura ya kutunga. Kama ni bango la saluni, vichwa vyote vya mitindo ya nywele vilikuwa vya watu wa mtaa. Kama ni la mshonaji, yule mwanamke aliyevaa gauni alikuwa mke wa mshonaji. Hata ng'ombe wa kwenye bango la bucha alikuwa ng'ombe fulani, alimfuata kumwangalia hadi alikofungwa.

Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mchoraji mwingine yeyote. Uzi wote huu umesimama hapo, kwa hiyo someni taratibu.

Baba alimaliza kila kitu kwenye sura: ngozi, kope, mikunjo ya shingo. Lakini macho aliyaacha meusi. Ile nukta ndogo nyeupe ya mwanga, ambayo bila hiyo jicho linakuwa kama kifungo cha koti, hakuiweka. Alimwita mwenye duka, akampa brashi nyembamba, akamwambia, "Haya, yafungue."

Mwenye duka ndiye aliyeweka nukta. Kwenye macho yote ya bango lake.

Ukimuuliza sababu, alisema bango ambalo mwenyewe hajaligusa bado ni la fundi.

Sasa wakuu, fikirieni. Muuza nyama ameshika brashi kwa mara ya kwanza maishani. Mshonaji mikono inatetemeka. Nukta zilikwenda zinakotaka. Moja juu, moja pembeni. Yule ng'ombe wa bucha alikuwa anaangalia mbinguni kama anaomba dua. Kimisagara yote ilikuwa na utani: watu wa Hamisi wote wana makengeza.

Na aliyekuwa anacheka kuliko wote ni Hamisi mwenyewe.

Jambo lingine: hakuwahi kuweka sahihi. Nilimuuliza nikiwa mdogo. Akasema, "Niandike jina la nini? Nani hapa hanijui?"

Kwa Kimisagara ya wakati ule ilikuwa kweli.

Halafu zikaja mashine za kuchapisha. Bango linatoka wakati unakunywa chai, picha safi, herufi zimenyooka. Na mimi, binti yake, nikawa miongoni mwa wanaotengeneza mafaili ya mashine hizo. Baba hakuwahi kuninunia. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaangalia weee, kisha akauliza, "Hiyo herufi umeichora wewe, au umeikuta humo?"

"Nimeikuta, baba."

"Basi mshukuru aliyeiacha."

Wenye maduka walipobadilisha mabango, wengi hawakuweza kuyatupa ya zamani. Wangeyatupaje na ni sura zao? Walimrudishia baba amtunzie kila mtu lake. Ndivyo nyumba yetu ya Batsinda ilivyojaa mabati yenye watu. Kumi na moja. Kwenye korido, nyuma ya kabati, moja chini ya kitanda changu.

La kumi na mbili ni langu.

Hilo ndilo la mwisho alilochora. Alitaka nilitundike siku nitakayofungua ofisi. Ni mimi nimekaa mbele ya laptop, mtandio wa kijani, kidole kimoja hewani kama niko karibu kubonyeza. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Macho ni meusi. Alinipa brashi.

Nikamwambia, "Bado baba. Nifungue ofisi kwanza."

Ofisi ilikuwa kisingizio. Niliogopa kuharibu.

Akasema, "Sawa. Brashi haiozi."

Baba akafariki. Mungu amrehemu. Hapo sitakaa sana, mtanielewa.

Tuje kwenye makumbusho.

Siku moja nilirudi nyumbani nikamkuta jirani yetu amenyanyua bango la mshonaji, analipima kwa mikono mlangoni pa banda lake la kuku. Nikamwangalia mama. Mama akasema, "Nimemwambia aangalie tu."

"Mama, analipima!"

"Si ndiyo kuangalia kwenyewe?"

Nililirudisha ndani mwenyewe. Na siku hiyohiyo nikaamua: haya mabati yataingia makumbusho, na jina la baba litakuwa chini yake. Mabati yakikaa salama bila jina, mimi nitakuwa nimehifadhi mabati tu.

Niliandika baruapepe. Nikapiga simu. Nikaenda mwenyewe nikakaa mapokezi. Jibu lilipochelewa niliandika tena. Wenye wasiwasi kama mimi tuna faida moja: hatujui kuacha.

Mwisho akaja mtu. Ni mhifadhi, yaani anayepokea na kutunza vitu vya makumbusho, mama mmoja wa makamo anaitwa Madame Odile. Alivua viatu mlangoni, akachuchumaa mbele ya kila bango, na akaomba tochi ingawa ilikuwa mchana. Aliendelea hivyo mpaka alipofika kwa ng'ombe. Hapo akacheka hadi akashika ukuta.

Akasema watayachukua yote, na langu pia. "Bon," akasema, "hizi haiko bango tu. Hii ni Kimisagara imekaa ndani ya korido."

Nililia chooni kwa furaha. Mama akagonga kuuliza kama naumwa tumbo.

Baadaye ikaja baruapepe yenye mfano wa maneno ya kibao kitakachokaa ukutani. Nikasoma.

"Mabango ya biashara, Kigali. Msanii: hajulikani."

Nilipiga simu nikiwa bado nimesimama.

"Madamu, anajulikana. Mimi ni mtoto wake!"

"Ndiyo shida yenyewe, mwanangu. Wewe ni mtoto. Kila mtoto anasema ni baba yake. Hakuna sahihi. Niletee mtu wa nje ya familia, aliyeona akichora, aje aseme mbele yangu kwenye bango lenyewe. Hata bango moja. Nikipata moja la hakika, mengine nitalinganisha nalo."

Kwa haki kabisa.

Na nilijua ni bango gani na mtu gani.

Bango kubwa kuliko yote ni la saluni ya Mzee Shabani, kinyozi wa zamani wa Kimisagara. Vichwa sita, mitindo sita. Cha katikati ni Shabani mwenyewe alipokuwa kijana, na juu imeandikwa KARIBU UTOKE KIJANA. Siku hizi Mzee anakaa kwa binti yake Kicukiro, ana mvi hadi za masikioni, lakini akili iko timamu. Alikubali kuja bila kuniuliza swali.

Ikabaki kuandaa bango.

Hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho nadhani hakuna mtu mwingine duniani angekifanya.

Nilifuta vumbi kwa pamba na maji kidogo, nilivyoona kwenye video. Rangi zikaamka. Nikarudi nyuma nikatazama. Kila kitu kilikuwa kizuri, isipokuwa macho. Vichwa sita, macho kumi na mawili, yote makengeza. Mmoja anaangalia pua yake. Mmoja anaangalia Nyabugogo na Remera, pande mbili za mji, kwa wakati mmoja.

Nikaanza kuwaza. Wataalamu watasimama hapa. Hawatajua desturi ya baba. Watasema, huyu Hamisi alijitahidi, lakini macho hakujua.

Na nikajiambia, nukta hizi si za baba hata kidogo. Ni makosa ya kinyozi. Nikiyaondoa, nitakuwa nimebakiza kazi ya baba peke yake, safi.

Mantiki yangu ilionekana haina tundu. Nilichukua msasa laini kabisa, nikaondoa nukta moja baada ya nyingine. Kisha kwa rangi yangu ya maji na brashi ya nywele tatu nikaweka nukta mpya, kila moja mahali pake, nimepima kwa rula.

Wakuu, ilikuwa kazi nzuri. Nasema kwa aibu lakini nasema. Vichwa vyote sita vikawa vinakuangalia usoni.

Mama alipita, akasimama. "Wamekuwa wakali," akasema, akaendelea na safari yake.

Sikumsikiliza.

Siku ikafika. Bango liko mezani makumbusho, Madame Odile ana faili lake, Mzee Shabani kavaa koti na kofia ya kufumwa. Nikamvutia kiti. Akakataa kukaa. Akainama, akaangalia kichwa cha katikati muda mrefu, kisha akaangalia vingine, kisha akanyanyuka.

"Hii kijana ni mimi," akasema. "Lakini hii bango haiko yangu. Na haiko ya Hamisi."

Nikaliangalia bango, nikamwangalia yeye.

Madame Odile akauliza, "Una hakika, Mzee?"

"Madamu, nimenyoa watu chini ya bango yangu mpaka meno yakatoka. Yangu ilikuwa inaangalia pembeni. Hii inaniangalia mimi kama polisi. Hii ni kopi."

Kalamu ya Madame Odile ikaandika. Niliisikia inavyoandika.

Sikuwa na njia nyingine. Nikasema, "Mzee, ni lenyewe. Macho ndiyo nimeyanyoosha mimi."

"Umeyanyoosha?"

"Yalikuwa yamepinda."

Akanitazama. Hakupandisha sauti.

"Yalikuwa yangu."

Madame Odile akauliza nilitumia nini. Nikamwambia msasa. Akafumba macho yake. Akauliza nukta za zamani ziko wapi.

"Kwenye msasa, Madamu."

Baada ya hapo alizungumza taratibu kama daktari. Shahidi wangu amekataa bango mbele yake, na yeye ameshaliandika hilo. Hawezi kuweka jina la mtu chini ya kitu ambacho shahidi amekikataa. Kamati yao itakutana hivi karibuni. Ama nikubali "msanii hajulikani", ama nibaki na mabati yangu.

Nje nilimsihi Mzee Shabani arudi ndani aseme tu kwamba ni ya Hamisi, maana sasa anajua ukweli.

"Sha, mimi nimeenda Maka," akasema. "Siwezi kusema uongo kwa ajili ya bati. Kitu nilichofanya pale haipo. Mi nitashuhudia nini?"

Akapanda pikipiki akaenda zake.

Nilirudi nyumbani na bango, nikamweleza mama. Mama amelelewa Bukoba, Kiswahili chake ukikisikia unakaa wima. Alisikiliza yote, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, baba yako alimpa mtu brashi. Wewe umekwenda kumnyang'anya."

Kwa siku kadhaa sikugusa laptop. Kila nikifumba macho naona yale macho kumi na mawili yaliyonyooka. Lakini kukubali "hajulikani", hapana. Hilo halikunijia hata mara moja. Baba hakuandika jina kwa sababu alidhani tutakuwepo wa kulisema. Basi sisi tupo.

Nikaenda Kicukiro. Mzee hakutaka kuniona, binti yake akanipa chai ya pole nikaondoka. Nikaenda tena, chai tena. Safari iliyofuata nilibeba bango langu mimi, lenye mtandio wa kijani, nimelifunga kwa shuka nyuma ya pikipiki. Dereva akaniuliza kama nahama.

Sikwenda kumwomba arekebishe chochote. Nilitaka anieleze baba alikuwa anasema nini mtu akishika brashi, kwa sababu langu halijafunguliwa na mwenye kunifundisha hayupo.

Nilifungua shuka barazani. Mzee akavaa miwani. Akaona yale macho meusi, hayana kitu.

Akaligusa bati kwa kidole.

"Hii," akasema, "hii ndiyo ya Hamisi. Ona. Ameacha mlango wazi."

Akanigeukia. "Na wewe, kwa nini hujafungua?"

"Naogopa kuharibu, Mzee."

Wakuu, alicheka mpaka binti yake akatoka ndani. "Kuharibu! Mimi niliharibu kumi na mbili! Baba yako akaninunulia chai na mandazi, akaniambia Shabani, sasa umekuwa fundi!"

Akafuta machozi. Halafu akawa mkali ghafla.

"Sikiliza. Mi nitafungua yangu tena. Lakini siku hiyohiyo, pale pale, wewe unafungua yako. Ukikataa, natoka naenda nyumbani. Na ulete rangi ya mafuta, si ile yako ya watoto wa shule."

Nikakubali.

Kumshawishi Madame Odile kulikuwa mlima mwingine. Kwenye simu alisema hapana kabla sijamaliza. Makumbusho haipaki rangi mpya kwenye kitu cha zamani. Ukigusa, kitu kinaacha kuwa cha aliyekitengeneza.

Nikamwambia, "Madamu, sijasaini makabidhiano. Mpaka nisaini, mabango yako chini ya familia yetu. Nitasaini baada ya macho kufunguliwa, si kabla. Na kama hamtaki, yote kumi na mawili yatabaki Batsinda."

Sijui hiyo sauti ilitoka wapi. Mimi ndiye ninayeomba msamaha kwa meza nikiigonga.

Akasema, "Njooni. Nitaangalia, na nitaandika kila kitu ninachokiona."

Tukaenda. Safari hii na mama pia, kavaa kitenge chake cha sherehe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshaondoa nukta zangu zilizopimwa kwa rula. Macho yote kumi na mawili yalikuwa meusi tena. Nikamkabidhi Mzee Shabani brashi ileile ya baba, niliyoikuta kwenye kopo lake na kuilainisha kwa mafuta ya taa.

Madame Odile hakuweza kujizuia. "Mzee, unajua unagusa kazi ya marehemu?"

Mzee akajibu bila kumwangalia. "Madamu, hii sehemu haikuwa yake hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kunipa brashi."

Kisha akasimama hivyohivyo, mkono hewani, hafanyi kitu.

"Mnangoja nini?" akauliza. "Kuna mtu alinishika hapa." Akaonyesha kiwiko. "Hamisi alikuwa anakushika kiwiko, chini hivi, kama unabeba mtoto. Anasema, tia, usiogope, jicho ni lako. Halafu anaangalia pembeni, makusudi, ili usione haya."

Sikuwahi kuyajua hayo. Mama aliyajua. Mama akaitikia kwa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo.

Nikamshika kiwiko. Nikaangalia pembeni. Huko pembeni nikaona Madame Odile ameacha kuandika.

Nukta ya kwanza ilikwenda pembeni. Ya pili juu. Mkono wake sasa unatetemeka kuliko ujanani, kwa hiyo makengeza ya leo yamepita ya zamani. Moja ilichuruzika kidogo mpaka kwenye kope. Vidole viliniwasha. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu, nusu sekunde tu ningeifuta.

Sikukitoa.

Alipomaliza cha katikati, yeye mwenyewe, alirudi nyuma, akainamisha kichwa. Akamwambia kijana wa kwenye bati, "Yewe, umerudi?"

Kisha akamgeukia Madame Odile. "Sasa andika. Hii bango ni yangu mimi Shabani, Hamisi alichora, mimi nilifungua. Mbele yangu, na mkono wake hapa." Akapiga kiwiko.

Aliandika. Akauliza maswali mengi: kigoda kilikuwa wapi, baba alianza na nini, aliacha nini mwisho. Mzee alijibu yote.

Halafu wote wakanigeukia.

Bango langu lilikuwa limeegemezwa ukutani. Mimi na mimi tukatazamana, yeye hana macho bado. Nilichovya brashi. Nikapangusa. Nikachovya tena. Nilianza kukadiria kwa kichwa: theluthi ya juu ya mboni, upande wa mwanga, mwanga unatoka dirishani kushoto...

"Anahesabu," mama akasema.

"Naona," Mzee akasema.

Mama akaja akanishika kiwiko, chini, kama unabeba mtoto. Akaangalia pembeni.

"Tia. Jicho ni lako."

Nikatia. Kushoto. Kabla sijaogopa, na kulia.

Nikarudi nyuma. Wakuu, moja linaangalia laptop. Lingine linaangalia mlango.

Mzee Shabani akapiga makofi. "Hiyo ni biashara! Unafanya kazi, na mteja akiingia umemwona!"

Nilicheka huku nalia, na nikasaini karatasi na rangi mkononi. Kuna alama nyeupe ya kidole changu kando ya jina langu. Madame Odile alisema tuiache.

Kamati ilipitisha. Kabla kibao hakijachapishwa alinipigia, akaniuliza kama nataka ile habari ya kufuta isitajwe, kwa heshima ya familia. Nikasema itajwe. Kwa hiyo chini ya bango la saluni leo pameandikwa hivi, nimenakili:

"Msanii: Hamisi, maarufu Hamisi Rangi, Kimisagara. Macho: Shabani, mwenye saluni. Yalifutwa na binti wa msanii, yakafunguliwa tena na Shabani."

Font waliyotumia siipendi. Herufi zimebanana. Nimekaa kimya.

Mama alisimama mbele ya kile kibao, akasoma jina kwa sauti, lote, kama anaitikia mtu mlangoni. Akasogea kwa binti wa mtandio wa kijani. Akamwangalia jicho moja, akahama hatua, akamwangalia la pili.

"Hata makengeza yamekupendeza," akasema.

Nilichojifunza mimi: nilidhani kumtunza baba ni kumwondolea watu kwenye kazi yake mpaka abaki peke yake, safi. Kumbe kazi yake ilikuwa watu. Kama una kitu cha mzazi wako na kuna sehemu inakuudhi, imepinda, haifanani na nyingine, tafuta kwanza ni mkono wa nani. Huenda yuko hai, Kicukiro, anakunywa chai.

Na kabla hujagusa kitu cha zamani kwa msasa, jamani, ulizeni wenye makumbusho. Mimi nilikuwa na bahati ya mzee mmoja mwenye moyo.

Sasa uwanja ni wenu. Walioishi Kimisagara: kama uliwahi kukaa kwenye kigoda cha Hamisi, au una bati lenye mtu mwenye makengeza nyuma ya kabati, sema hapa. Nitakuja kuliona na sitaligusa.

Na wale mnaoona nilikosea hata kuruhusu macho yafunguliwe upya, semeni pia. Nitasoma yote.

Makosa ya uandishi mtakayoyaona humu yaacheni hapo hapo. Nimeyaona. Nimeyaacha.